Kikao cha ukoo kando ya Chalbi: mambo ya kujua kabla ya kulipa amana

Swali: Mimi ni katibu wa chama cha ukoo wetu, na makao yetu ni Nakuru. Kila baada ya miaka mitatu tunakutana ili wazee watusimulie tulikotoka na tujuane na watoto waliozaliwa. Safari hii vijana wamependekeza kituo cha mafungo kilicho kando ya jangwa la Chalbi, Kaunti ya Marsabit. Tutakuwa watu 70: mdogo kabisa ana miezi minane, na mkubwa ni nyanya yetu mwenye miaka 81. Tunafikiria siku tatu za mwezi wa Aprili, shule zikiwa zimefungwa. Meneja anasema ukumbi wao unatosha watu 100, na anataka nusu ya malipo ifike Ijumaa. Je, mahali hapo panafaa? Na tuulize nini kabla ya kulipa?

Jibu:

Ndugu Katibu,

Nendeni. Lakini si Aprili, si kwa siku tatu, na pesa zisitoke Ijumaa hii. Nimeanza na uamuzi kwa kuwa najua kamati yenu inausubiri, na sasa nieleze sababu, maana mtaulizwa na watu 70, na wengine wao hawataridhika na jibu la neno moja.

Aprili ni katikati ya masika. Huku kaskazini mvua ni chache kwa mwaka mzima, lakini zile chache hushuka kwa mkupuo, na Chalbi si jangwa la mchanga kama wengi wanavyolidhania. Ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, uwanda wa udongo mfinyanzi na chumvi. Ukiwa mkavu, gari hukimbia popote bila barabara. Ukilowa, gurudumu huzama hadi ekseli, na mvua ikizidi uwanda wote hugeuka maji ya kina kifupi. Zaidi ya hapo kuna laga, yale makorongo ambayo hukaa makavu miezi mingi. Mvua inaweza kunyesha mbali, kwenye Mlima Marsabit au Milima ya Huri, na maji yakashuka katika laga iliyo mbele yenu wakati ninyi mko chini ya jua kali na anga halina hata wingu. Laga ikijaa hamvuki, mnangoja. Watu wawili wakikwama siku mbili ni usumbufu. Watu 70 wakikwama siku mbili, pamoja na mtoto mchanga na nyanya wa miaka 81, ni hatari.

Agosti shule pia zimefungwa, na ni kipindi kikavu. Ndiyo ningeichagua. Desemba inawezekana mvua za vuli zikiisha mapema, lakini sitaki kikao cha ukoo kitegemee bahati ya namna hiyo.

Sasa siku tatu. Kwenye ramani safari haionekani ndefu. Kutoka Nakuru mtapita Nyahururu na Nanyuki hadi Isiolo, kisha kilomita kama 260 za lami hadi Marsabit. Lami hiyo, sehemu ya barabara kuu inayokwenda Moyale, imebadilisha maisha ya kaskazini. Kabla yake, safari ya Isiolo hadi Marsabit ilikuwa ya kuvunja springi na mgongo. Lakini lami haiwafikishi kituoni. Mkitoka Marsabit mtashuka mlima na kuingia njia ya mawe meusi ya volkano, kisha vumbi, na kuanzia hapo msihesabu kilomita, hesabuni saa. Dereva wa mjini atawaambia saa mbili. Mwenyeji atawaambia saa nne, na mwenyeji ndiye wa kuaminiwa.

Kwa hiyo mpango wangu ni siku sita. Siku ya kwanza mfike Marsabit mlale. Siku ya pili mwondoke asubuhi na mapema mfike kituoni kabla ya jua kuwa kali. Mlale usiku tatu huko, kisha siku ya tano mrudi Marsabit au Isiolo, na ya sita nyumbani. Gari lolote la kikundi chenu lisiwe barabarani baada ya magharibi. Na wakumbusheni watu wabebe sweta: mji wa Marsabit uko mlimani, una msitu na ukungu, na asubuhi zake ni baridi. Nimeona familia zikifika pale na nguo za pwani, watoto wanatetemeka.

Basi mlilokodi Nakuru liishie Marsabit. Kutoka hapo kodini Land Cruiser za wenyeji, na lori moja la mizigo na maji. Si suala la nguvu ya injini peke yake. Dereva wa Marsabit anajua ni njia ipi ilipitika juzi na ipi imeliwa na laga, anajua watu wa kila kijiji njiani, na akikwama anajua nani wa kumwita. Magari yaende kwa msafara, kila moja na magurudumu mawili ya akiba na maji yake, na hakuna gari linaloachwa nyuma.

Kuhusu usalama nitasema wazi, kwa kuwa wenye vituo hawapendi kulisema na watu wa mbali huliongeza chumvi. Wizi wa mifugo na migogoro ya malisho ipo kaskazini, na hali hubadilika kutoka mwezi hadi mwezi. Mwaka huu kuko shwari haina maana wiki yenu kutakuwa shwari. Wiki moja kabla ya safari, na tena asubuhi ya kuondoka Marsabit, ulizeni watu watatu: polisi wa Marsabit, chifu wa eneo la kituo, na dereva aliyepita njia hiyo siku hizo. Mmoja akisita, ngojeni. Ndiyo maana kiwepo kifungu cha kuahirisha katika mkataba, nitakachokieleza mwishoni.

Tuje kwenye jambo lililo zito kuliko yote, ambalo katika barua yako hukulitaja kabisa: maji. Meneja amekwambia ukumbi unatosha watu 100. Jangwani ukumbi si kipimo cha kitu chochote. Swali ni tangi lake linatosha watu wangapi, kwa siku ngapi, na maji yanatoka wapi.

Fanyeni hesabu pamoja na kamati. Kwenye joto linalopita nyuzi 35 mchana, mtu mzima anahitaji lita tatu hadi tano za kunywa kwa siku, na zaidi akitembea. Wekeni tano. Watu 70 ni lita 350 kwa siku za kunywa tu. Ongezeni kupika, kuosha vyombo, kunawa na kuoga kwa ndoo, na kwa ubanaji wa heshima mnafika lita 30 kwa mtu, yaani lita 2,100 kwa siku. Kwa siku nne, mkihesabu ya kufika na ya kuondoka, ni lita 8,400. Tangi la lita 10,000 lililojaa linawatosha, na linabaki na kidogo tu.

Sasa ulizeni juu ya vyoo. Choo cha kuvuta hutumia lita sita hadi tisa kila kinapovutwa. Mtu akienda mara nne kwa siku kwenye choo cha lita tisa, ametumia lita 36, zaidi ya maji yake mengine yote. Hesabu yenu imeongezeka maradufu, na tangi limekauka siku ya tatu alfajiri. Kwa hiyo kituo chenye vyoo vya shimo vilivyojengwa vizuri, vyenye bomba la hewa na wavu wa nzi, kwangu ni kituo bora kuliko chenye vigae na vyoo vya kuvuta. Choo kimoja kwa watu 20 ndicho kiwango ambacho mashirika ya misaada hutumia katika kambi. Ninyi mnahitaji vinne, na kimoja kiwe na kiti na mahali pa kujishikilia kwa ajili ya nyanya na wazee wenzake.

Halafu ladha ya maji. Visima vingi vya kandokando ya Chalbi vina chumvi. Wenyeji na ngamia wao wameyazoea, lakini mgeni atakunywa vikombe viwili aache, na anayeacha kunywa ndiye anayeanguka mchana. Kuchemsha hakusaidii: chumvi haiondoki, madini ya floridi hayaondoki, maji yanapungua na vile vilivyomo vinazidi kukolea. Kuchemsha huua vijidudu tu. Basi maji ya kunywa, ya chai na ya uji wa watoto mpange kuyatoa Marsabit katika lori lenu, ndani ya mitungi mikubwa safi inayorudishwa, na maji ya kisima yaachiwe kuoga na kuosha. Watu wa shinikizo la damu na watoto wadogo wasinywe yale ya kisima kabisa. Katoni za chupa ndogo ziacheni. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi katika mbuga na maeneo ya hifadhi ya Kenya, na hata pale ambapo sheria hiyo haifiki, hakuna lori la taka linalokuja Chalbi. Chupa mtakayoiacha, upepo utaipeleka kwenye mwiba na mbuzi ataila. Chochote mlichokuja nacho kirudi nanyi Marsabit.

Kuna swali la maji ambalo si la hesabu. Ni ya nani? Kisima kinachojaza tangi la kituo mara nyingi ndicho kinachonywesha mifugo ya Wagabra wa eneo hilo, na ngamia mmoja mwenye kiu hunywa zaidi ya lita 100 kwa mkao mmoja. Watu hawa walipitia ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo mvua ikakosa, wakazika mali yao mbele ya macho yao. Sitaki ukoo wenu uoge kwa bomba la juu huku mama na punda wake wamepanga foleni nje ya ua. Mwulizeni meneja kama kuna kamati ya maji ya kijiji, kituo kinalipa nini, na kama mwaka huo maji yanatosha pande zote mbili. Akijibu kwa urahisi na kwa majina ya watu, mmepata meneja mzuri. Akikasirika, tafuteni kituo kingine.

Ukumbi wenyewe sitauongelea sana. Paa la bati bila dari litakuwa tanuri kuanzia saa nne, hata kama liko juu. Paa la majani ya mkoma, kuta fupi, pande mbili wazi, hilo ndilo la kutafuta. Msibebe mahema yale ya harusi za mjini. Ukanda huu kati ya Chalbi na Ziwa Turkana una upepo ambao umewavuta watu kusimika mitambo 365 ya umeme wa upepo pale Sarima, yenye uwezo wa megawati 310. Upepo unaozungusha mapanga yale hautaheshimu turubai lenu. Kama kivuli cha ziada kinahitajika, waombeni wanawake wa Kigabra au Kirendille, ambao ndio wajenzi wa nyumba katika jamii zao, wawajengee kwa miti na mikeka yao, na muwalipe bei ya fundi. Nyumba zao zimesimama katika upepo huo vizazi na vizazi.

Ratiba ndiyo itakayoamua kama watu watakumbuka kikao au watakumbuka joto. Kosa la kawaida ni kuhamisha ratiba ya mjini: kifungua kinywa saa mbili, mkutano saa tatu hadi saa saba, chakula, mkutano tena saa nane. Jangwani saa nane mchana hakuna anayesikia neno. Amkeni saa kumi na moja alfajiri. Chai na uji mapema, kikao kizito kianze saa kumi na mbili unusu na kifungwe saa nne: hesabu za chama, uchaguzi, mambo ya ardhi, yote yanayohitaji akili tulivu. Saa tano hadi saa kumi ni kupumzika kivulini, na pumziko hili lilindwe kama mnavyolinda muda wa sala. Msiwapangie vijana mpira saa nane eti wana nguvu, kwani ndio huanguka kwanza kwa kuwa hawajihadhari. Saa kumi jioni watoto watoke, mtembee ukingoni mwa uwanda, na baada ya magharibi ndipo kikao cha wazee kianze.

Hapo ndipo nakubaliana na vijana wenu kwa moyo wote. Umesema mnakutana ili wazee wasimulie. Nakuru mzee anasimulia huku simu zinalia, watoto wamo kwenye televisheni, na nusu ya watu wanaaga mapema wasikose matatu. Chalbi giza likiingia hakuna pa kwenda. Upepo ukipungua, sauti ya mzee inasikika bila kipaza sauti. Chagueni tarehe kwa kuangalia mwezi: mwezi mpevu utawapa mwanga wa kutembea bila tochi, na mwezi mwandamo utawapa nyota ambazo watoto wa mjini hawajawahi kuziona. Kwa ajili ya nyanya na macho yake ningechagua siku mbili tatu kabla ya mwezi mpevu. Wekeni kinasa sauti kando yake, betri mbili, na kifuniko cha sponji kwenye maikrofoni kwa sababu ya upepo. Hicho ndicho kifaa kimoja cha umeme ninachosisitiza. Kituo kinatumia sola, kwa hiyo ulizeni kama betri zake zinahimili friji ya dawa usiku kucha, na mengine yote yawe ziada. Mtandao wa simu upo karibu na vijiji vikubwa na hupotea katikati, kwa hiyo mmoja wenu awe na simu ya setilaiti ya kukodi.

Nimetaja friji ya dawa kwa sababu. Pitisheni karatasi sasa, si wiki ya safari, kila mtu aandike ugonjwa wake na dawa zake, na mtu mmoja mwenye kutunza siri azisome. Kama kuna mwenye selimundu, yaani sickle cell, ukosefu wa maji mwilini unaweza kumletea maumivu makali, na daktari wake ndiye aamue kama aje. Wenye dawa za presha zinazoongeza mkojo wamwone daktari kabla. Wenye kisukari wajue kwamba insulini iliyo kwenye matumizi haitakiwi kukaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30, na Chalbi hupita hapo kila mchana. Friji ikizimika, vyungu viwili vya udongo, kidogo ndani ya kikubwa, na mchanga unaoloweshwa katikati yake, hushusha joto vya kutosha kuiokoa insulini. Vibebeni hata kama friji ipo.

Watu wafundishwe dalili mbili. Mtu anayeumwa kichwa, kizunguzungu, misuli inambana na bado anatoa jasho, alazwe kivulini, miguu juu, apewe maji yenye chumvi na sukari: lita moja, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa. Lakini mtu anayeanza kuchanganyikiwa, kusema maneno yasiyoeleweka au kuzimia huku mwili unawaka, huyo si wa kupewa maji mdomoni. Huyo amwagiwe maji mwili mzima, apepewe bila kukoma na gari liwashwe, maana kila dakika ina thamani. Hospitali ya rufaa iko Marsabit, saa kadhaa za njia mbaya. Huduma ya ndege ya AMREF Flying Doctors ina uanachama wa mwaka ambao kikundi kinaweza kukata mapema, na kuna viwanja vidogo vya ndege Kalacha na North Horr. Ulizeni kituo kiko umbali gani na kiwanja kilicho karibu. Mimi nisingepeleka watu 70 bila uanachama huo na bila muuguzi mmoja aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu, hata kama ukoo una madaktari. Daktari aliyekuja kukaa na shangazi zake aachwe akae nao.

Nge na nyoka wapo. Kuna nyoka mmoja mdogo mwenye sumu kali ambaye hujificha kwenye mchanga na mawe, na akitishwa husugua magamba yake yakatoa mchakacho. Kinga ni rahisi: viatu vilivyofunika mguu usiku, tochi kila mtu, viatu kukung'utwa asubuhi, kulala kitandani na si chini. Aliyeumwa atulizwe, mguu usichezeshwe, apelekwe hospitali. Msikate kidonda, msinyonye sumu wala kufunga kamba ya kukaza.

Chakula ni rahisi mkikubali kula kama wenyeji. Mbuzi nunueni hapo hapo, pesa zibaki kijijini, na mchinjaji awe Mwislamu ili wafanyakazi wa kituo na wageni watakaowatembelea wale pamoja nanyi. Mboga, viazi na matunda yatoke Marsabit na yaliwe siku mbili za kwanza. Chakula cha mchana kiwe chepesi, kizito kiwe usiku, na kilichopikwa kisikae zaidi ya saa moja kwenye joto la mchana kabla ya kuliwa. Saladi za mayonezi ziacheni Nakuru. Jambo moja wageni hulisahau ni kuni. Mti mmoja wa Chalbi umechukua miaka mingi kufika kimo cha mtu, na mbuzi watatu wanategemea kivuli chake. Bebeni mitungi ya gesi. Moto wa usiku kwa ajili ya hadithi uwe mdogo, wa kuni mlizonunua Marsabit.

Siku ya kufika, kabla ya kufungua mizigo, wazee wenu wawili waende na meneja kumsalimu chifu na wazee wa kijiji. Waseme ninyi ni nani, mmekuja kufanya nini, mtaondoka lini, na ulizeni kama kuimba usiku kutawasumbua. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni ya jamii, na kupita kwenu kokote nje ya ua ni kwa hisani yao. Ikiwa siku zenu zinagusa Ijumaa, ratiba iwape nafasi wafanyakazi wanaokwenda kuswali. Picha za watu na ngamia wao ziombwe kwanza, na jibu la hapana likubaliwe bila kutoa noti mfukoni.

Nimemwacha nyanya mwisho kwa sababu ndiye anayeniumiza kichwa. Wengine watakuambia umwache Nakuru na mmpigie simu. Nisingefanya hivyo, maana kikao hiki kipo kwa ajili ya sauti yake. Mpeni nafasi ya kuchagua mwenyewe, baada ya daktari wake kumpima na baada ya kuambiwa ukweli wa njia. Akikubali, apewe kiti cha mbele katika gari lenye springi nzuri, asafiri na mtu mmoja ambaye kazi yake ni yeye tu, na alale usiku mbili Marsabit badala ya mmoja kabla ya kushuka Chalbi. Akikataa, au daktari akikataa, badilisheni mpango wenyewe: kikao cha wazee kifanyike Marsabit mjini, kwenye ubaridi, siku mbili, kisha wenye nguvu washuke Chalbi kwa usiku mmoja na kurudi. Na kama hata Marsabit ni mbali kwake, kuna Olorgesailie, chini ya kilomita 80 kutoka Nairobi kwenye barabara ya Magadi. Ni nusu jangwa katika Bonde la Ufa, ina vibanda vya kulala na uwanja wa kambi chini ya Makumbusho ya Taifa, na mashoka ya mawe ambayo Mary na Louis Leakey walianza kuyachunguza mwaka 1942 bado yamelala pale pale yalipopatikana. Vibanda ni vichache, kwa hiyo wengi mtalala kwenye mahema, na maji ya kunywa mtayabeba wenyewe. Lakini hospitali ziko karibu zaidi kuliko Chalbi, na nyanya atafika kabla ya chakula cha mchana.

Kuhusu amana, mwambie meneja kwamba kabla ya kulipa chochote mtatuma watu wawili wakaone kituo. Msitume vijana wawili waliopendekeza. Mmoja awe mama aliyezoea kupikia watu wengi, maana yeye ataangalia jikoni, tangi na vyoo kabla ya kuangalia mandhari. Walale usiku mmoja, wanywe maji ya pale, wakae ukumbini saa nane mchana. Wakirudi wameridhika, lipeni robo, si nusu, kwenye akaunti yenye jina la kituo na si nambari ya simu ya mtu, kwa mkataba unaosema mambo matatu kwa maandishi: kwamba tangi litakuwa limejaa siku mnapofika na ni la lita ngapi, kwamba hakutakuwa na kundi lingine siku hizo, na kwamba njia ikifungwa na mvua au polisi wakishauri msisafiri, mtahamishiwa tarehe nyingine bila kupoteza pesa. Meneja wa kaskazini anayeijua kazi yake hatashangazwa na kifungu hicho cha tatu, anajua mvua zake. Na akisisitiza kwamba nafasi itapotea Ijumaa, iache ipotee, kwa kuwa tarehe anayowauzia ni ya Aprili.